Orodha ya Jumatatu

Saa moja kamili asubuhi simu ya Inspekta Veronicah Were ililia, na hakuhitaji kuitazama. Namba iliyoishia na 417 ilikuwa imempigia saa hiyo hiyo kwa siku tisa mfululizo, na aliyekuwa upande wa pili hakuwa na haja ya salamu.

"Inspekta, umempata?"

"Leo tunampeleka mtu kortini, mama. Saa nane."

"Ni yule msichana wa kompyuta?"

"Ndiye tuliye naye."

Nyuma ya Annah Ogutu, huko Kabiria, mtu alikuwa akigongomea misumari. Mafundi wenzake na marehemu mumewe walikuwa wakimtengenezea jeneza kwenye karakana yake mwenyewe, kwa mbao alizokuwa amejinunulia kwa kazi ya kabati la mtu.

"Ijumaa tunasafiri na mwili," Annah alisema. "Watu wa nyumbani wataniuliza ni nani alimtoa kwa ile orodha. Mimi sitaki kelele za korti, nataka tu nimwone uso. Halafu, mwanangu, ile orodha ilikuwa ya Jumatatu, sivyo?"

"Jumatatu, mama. Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Imeandikwa pale juu."

"Basi."

Simu ikakatika. Aliuliza hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi Were alimjibu hivyo hivyo. Hata siku moja hakujiuliza kwa nini mjane atake kusikia saa ile ile mara tisa. Aliona ni majonzi tu, na majonzi hayaandikwi kwenye faili.

Faili yenyewe ilikuwa nyembamba. Kituo cha Figo cha Amarante, kilichoko Upper Hill kati ya mabenki na majengo ya vioo, kilitoa bure nafasi nane za kusafishwa damu kila Alhamisi, kwa wagonjwa ambao bila hizo wangekufa. Majina yalifungwa Jumatatu. Langoni palikuwa na ubao wenye maandishi mekundu: ORODHA YA JUMATATU HAIPINGWI. Sheria hiyo iliwekwa ili wakubwa wasije wakapiga simu Jumatano na kumpenyeza shemeji yao. Ilikuwa sheria nzuri, na pengine ndiyo iliyokuwa na haki kuliko kitu kingine chochote katika jengo lile.

Alhamisi moja mzee Ogutu, seremala, alifika pale langoni akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Askari wa lango akasoma karatasi, akaisoma tena, akasema jina halipo. "Mama, hii ilifungwa Jumatatu," alimwambia Annah, akamwonyesha tarehe na saa. Wakarudi Kabiria. Jumamosi alfajiri mzee akafa.

Karatasi ilitolewa na programu iliyoandikwa na mwanagenzi aitwaye Joyline Oyoo. Jumatatu ile ni yeye peke yake aliyezifungua rekodi za wagonjwa. Mkuu wake alikuwa Kisumu. Na jina la nane, la mwisho kwenye karatasi, lilikuwa Peres Oyoo, shangazi yake. Mzee ametoka, shangazi ameingia. OCS Oduor, mkuu wa kituo, aliisoma faili akiwa amesimama, akasema hajawahi kuona kesi iliyojipika yenyewe namna hii.

Were alikuwa na miaka kumi na minane kazini, na kesi zilizojipika zenyewe zilikuwa zimewahi kumuunguza mdomo. Ndiyo maana saa mbili alikuwa ameketi mbele ya Joyline tena.

Msichana alikuwa amelala seli usiku mmoja, na usiku mmoja unatosha. Sweta yake ilikuwa imegeuzwa ndani nje.

"Madam, nimesema mara ngapi? Jumatatu mzee alikuwa. Namba saba."

"Ulimwona wapi?"

"Kwa skrini. Niliwasha programu, nikaitisha list nione kama iko sawa. Ilikuwa sawa. Mzee Ogutu saba. Nikaangalia na wale wamebaki nje: auntie yangu tisa." Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nafasi ni nane. Nilienda nikalia huko choo, nikarudi, nikaiacha vile ilikuwa. Ningeweza kumweka, madam. Nilikuwa peke yangu. Sikumweka."

"Karatasi ilichapishwa lini?"

"Printa inajichapishia Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Programu inawashwa Jumatatu, inakaa imewaka tu mpaka hiyo Alhamisi."

"Kwa hivyo Jumatatu umetengeneza orodha, umeiona kwa macho yako, halafu Alhamisi ikatoka nyingine. Orodha imejibadilisha yenyewe?"

"Sijui."

"Nikimwambia hakimu hivyo atacheka."

"Hata mimi ningecheka," Joyline alisema, na hakucheka.

Kwenye meza palikuwa na daftari lake la mafunzo, aina ile ya kurasa mia moja na ishirini ambayo watoto wa shule huandikia hesabu. Alikuwa akisoma jioni kwa mwalimu mmoja mjini. Were alikuwa amelipitia mara mbili bila kuelewa kitu. Safari hii hakujaribu kuelewa; alihesabu tu vichwa vya kurasa. Somo la kwanza, la pili, la tatu. Somo la nne: *Kuuliza rekodi ndani ya lugha yenyewe. Chuja, panga, chukua nane za kwanza.* Ukurasa uliofuata: Somo la sita.

"La tano liko wapi?"

Joyline alilitazama daftari kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuliona. "Sikuenda. Auntie alikuwa amefura miguu, nilishinda naye hospitali."

"Hukuwauliza wenzako walisoma nini?"

"Wenzangu wako chuo kikuu, madam. Mimi nilikuwa nauza kava za simu Luthuli Avenue. Niliona aibu." Akainamisha kichwa. "Na ile ya nne ilikuwa inafanya kazi. Ilitoa majina. Nikasema imetosha."

Were alichukua daftari, na kwenye kabati la vielelezo akatia sahihi, akatoa flashi yenye nakala ya programu. Pale koridoni mwanamke mmoja mnene wa miguu, amejifunga leso mabegani, alikuwa amekaa na kikapu cha chakula magotini. Alikuwa Peres, shangazi mtu. Alijaribu kusimama ili aamkue, akashindwa, na Were akampita haraka kwa sababu hakuwa na neno la kumwambia.

Darasa la Mwalimu Kirit lilikuwa orofa ya pili, juu ya duka la sare za shule karibu na Biashara Street. Ngazi zilinuka kitambaa kipya. Kirit alikuwa mzee mkavu, mwenye sweta ya kufumwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kifuani. Alikuwa ameandika programu za kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini mpaka kiwanda kikafa, na sasa alifundisha yeyote aliyepanda ngazi zile.

"Joyline? Ile mtoto iko na akili," alisema Were alipomweleza. "Naandika kama mtu iko na njaa. Sasa nyinyi nafunga yeye?"

"Somo la tano ulifundisha nini, mwalimu?"

Kirit alivua miwani. "Hiyo somo watu yote nalala. Iko kitu moja tu ndani. Swali si jibu."

"Nieleze kama mtoto."

"Mtoto nafundisha rahisi. Wewe ni polisi." Lakini alivuta kiti. "Sikia, madam. Zamani, kama programu nataka kujua kitu kwa rekodi, lazima uandike swali kwa lugha ingine kabisa, halafu unapachika ndani, kama barua ya mtu ingine ndani ya bahasha yako. Ukikosea, hakuna mtu naambia wewe. Siku hizi lugha yenyewe imemeza swali. Unaandika hapo hapo: kutoka kwa wagonjwa, wale nasubiri, panga kwa siku zao, chukua nane. Tamu sana. Inasomeka kama sentensi. Na kwa sababu iko tamu, mtu nafikiri akimaliza kuandika, jibu imekuja."

"Haijaja?"

"Mimi sikuli nyama, lakini wewe unakula. Unaenda Kenyatta Market saa nne asubuhi. Unaambia mwenye bucha, nitolee kilo moja ya mbavu, ile nzuri kuliko yote iko hapa. Yeye naandika kwa karatasi. Sasa uko na nini?"

"Nina mbavu."

"Hapana! Uko na karatasi. Wewe naenda kusukwa nywele, narudi saa saba. Saa saba ndiyo yeye nachukua kisu. Nakata mbavu ya saa nne ama ya saa saba?"

Were alifikiri. Aliwahi kulishwa mbavu za namna hiyo. "Ya saa saba. Iliyobaki."

"Basi. Umemaliza somo ya tano."

Were hakuridhika. Kesi haifungwi kwa mbavu. Akamwambia Kirit amfungulie kompyuta, aandike mwenyewe, kwa vidole vyake. Ilimchukua nusu saa, na Kirit alimkemea mara sita kwa kusahau alama. Aliandika majina tisa ya askari wa kituo chake, kila mmoja na hali yake: yupo, hayupo. OCS Oduor alimweka wa kwanza, yupo, kama wengine wote. Chini yake akaandika swali: waliopo, kwa mpangilio, wanane wa kwanza. Juu yake akaandika kichwa chenye saa ya kompyuta, kama alivyofanya Joyline. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Sasa usisome jibu," Kirit alisema. "Acha. Kunywa chai."

Wakanywa chai. Saa nne na dakika ishirini Were akaingia kwenye majina, akambadilisha Oduor kuwa hayupo, na akaona raha kidogo kufanya hivyo. Kisha akaiamuru programu ichapishe.

Karatasi ikatoka. Juu: saa nne na dakika tano. Chini: majina manane, na Oduor hayumo.

Were aliishika mikononi kwa muda. Karatasi ile ilikuwa ikiapa kwamba saa nne na dakika tano Oduor hakuwepo. Alikuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemweka.

"Kichwa imejibu mara moja, ikaganda," Kirit alisema, akipitia programu ya Joyline kwenye flashi kwa kidole. "Tazama. Hapa juu, tarehe na saa. Hii inasomwa Jumatatu, imekwisha. Hapa chini, majina. Hii swali. Kila mara mtu nauliza, inaenda kwa rekodi upya. Yeye Jumatatu aliuliza, aliona mzee. Kweli kabisa. Alhamisi printa nauliza tena, inaenda kwa rekodi ya Alhamisi. Ilikuwa inataka neno moja tu hapa mwisho, ToList, yaani toa jibu sasa, ufunge. Neno moja, madam. Mimi nasema hiyo neno siku nzima ya somo ya tano."

"Kwa hivyo karatasi moja ina siku mbili."

"Iko kichwa ya Jumatatu na mwili ya Alhamisi."

Were alirudisha kikombe chini. Siku tisa. Siku tisa yeye na kikosi chake walikuwa wameichimba Jumatatu kama wachimba kisima: nani aliingia, nani alitoka, nani alikuwa Kisumu. Na mzee alitolewa siku nyingine, waliyokuwa wameipa mgongo.

"Mtoto iko na makosa?" Kirit aliuliza alipofika mlangoni.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi ningepiga simu, niulize kwa nini hakuja. Sikupiga," Kirit alisema, akavaa miwani yake.

Saa tano na nusu Were alikuwa orofa ya nne ya Amarante, ofisini mwa Alkarim, mkuu wa kompyuta, yule aliyekuwa Kisumu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooka, na kila kitu mezani kimepangwa.

"Nataka mabadiliko yote ya rekodi ya Ogutu. Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi."

"Nilishawapa ya Jumatatu, Inspekta. Hakukuwa na badiliko lolote kwa rekodi yake."

"Hukutuambia hivyo."

"Mliuliza nani alifungua rekodi Jumatatu. Nikawapa jina." Hakusema kwa kiburi; hilo ndilo lililomuudhi Were zaidi. "Barua yenu iko hapa. Jumatatu."

"Na wewe, ukiwa mtaalamu, hukuona ajabu kwamba mtu ametoka kwenye orodha bila rekodi yake kuguswa?"

"Niliona. Nikadhani aliifuta kwa ujanja fulani."

"Uliisoma programu yake kabla haijaanza kutumika?"

Alkarim alisogeza kalamu iliyokuwa imenyooka tayari. "Niliona inatoa majina nane. Tulikuwa tunahitaji majina nane."

"Nani alimfundisha?"

"Alisema anasoma jioni."

Were alitaka kumrushia kalamu zake. Badala yake akamwonyesha skrini kwa kidevu. Alkarim akaandika, na rekodi ikafunguka. Mstari mmoja tu. Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Hali: kutoka *anasubiri* kwenda *amehamia kwingine*. Dawati la mapokezi.

"Swali lingine," Were alisema akiwa ameshasimama. "Mashine mnazo ngapi?"

"Tisa. Nane za kazi, moja ya dharura."

"Alhamisi ile ya dharura ilitumika?"

Alkarim alitazama. "Hapana. Ilikaa tu siku nzima."

Aliyekuwa dawati la mapokezi Jumatatu hadi Jumatano aliitwa Ivyne, kucha ndefu, sauti ya kubembeleza wagonjwa. Alipoulizwa kuhusu Jumatano hakushtuka hata kidogo. Alivuta kitabu cha simu, kitabu kikubwa cha jalada gumu, akapekua kurasa kwa ncha ya ukucha.

"Hii hapa. Saa nne na robo. Mke wa Ogutu."

Were aliisoma namba pembeni ya jina. Ilikuwa imeishia na 417.

"Alisemaje?"

"Alikuwa na furaha, madam! Eti wamepata mashine ya kudumu kwa hospitali fulani ya misheni nje ya mji, mara tatu kwa wiki, waanze Alhamisi. Akaniambia, 'Mpeni mwingine hiyo yetu, msiiache ilale.' Nikamwambia sawa mathe, Mungu awabariki. Nikaandika amehamia."

"Na hukutuambia."

"Mliniuliza Jumatatu nani aliingia. Na hiyo list ilikuwa imefungwa Jumatatu, si ni sheria? Nilijua hii yangu ni ya wiki ijayo. Alhamisi mimi niko off." Ivyne alianza kuona uso wa Were. "Kwani kuna nini?"

Were alipata jina la ile hospitali ya misheni kitabuni, akaipigia simu akiwa amesimama pale pale dawatini. Muuguzi alitafuta kwenye daftari lake, akarudi. Ndiyo, walikuwa na Ogutu. Mashine iliharibika Alhamisi alfajiri, wakampigia mkewe wasije, wajaribu wiki ijayo. Muuguzi akauliza mgonjwa anaendeleaje.

Aliposhuka ngazi Were aliona kila kitu kimejipanga, na alikichukia. Annah alipata bahati Jumatano, akamwachia mwingine nafasi ya hapa. Alhamisi bahati ikavunjika, akamleta mumewe hapa, mahali alipokuwa ameaga jana yake. Kama kichwa cha karatasi kingesema Alhamisi, angejua mara moja ni simu yake, angesema nimebadilisha mawazo, mumuulize yule msichana wa simu, na mtu angemwona mzee amesimama, na mashine ya tisa imelala. Lakini kichwa kilisema Jumatatu. Kwa karatasi ile, mumewe alikuwa ameshatolewa siku mbili kabla hajainua simu, na orodha ya Jumatatu haipingwi. Hakuwa na la kusema pale langoni. Akageuka.

Na tangu siku ile alikuwa ameishikilia Jumatatu kwa mikono yote miwili. Ilikuwa Jumatatu, sivyo? Kila asubuhi saa moja. Na kila asubuhi Were alimpa.

OCS Oduor hakupenda. "Kwa hivyo huna mshtakiwa?"

"Sina."

"Huyo msichana ameandika programu mbovu, mtu amekufa."

"Ameandika programu mbovu. Hilo si shtaka lililo kwenye karatasi yako. Karatasi yako inasema alimtoa mtu Jumatatu, na Jumatatu hakuna aliyetolewa."

"Kiongozi wa mashtaka atataka sababu, aisome kortini."

"Nitampa sababu," Were alisema, na hapo ndipo alipotambua atakuwa ameketi nani kwenye benchi la mbele.

Alipitia seli kwanza. Joyline alisikiliza akiwa amesimama, bila kukatiza, na Were alipofika kwenye lile neno moja la mwisho wa swali, midomo ya msichana ilisogea. Alikuwa akiisoma programu yake kichwani, mstari kwa mstari.

"Haiko," alisema. "Sikuandika."

"Hukumtoa mzee. Leo utarudi nyumbani."

"Lakini ile saa pale juu niliiweka mimi. Hata hakuna mtu aliniambia niiweke. Niliona inapendeza." Aliketi chini sakafuni. "Wangeona ni ya Alhamisi wangeuliza, madam. Si wangeuliza?"

Were alimshika mkono, akamwinua. "Geuza sweta yako," alimwambia. "Gari liko nje."

Saa nane kasoro dakika kumi ukumbi wa korti ulikuwa umejaa nusu. Annah Ogutu alikuwa benchi la mbele, kitambaa cheusi kichwani, mkoba umebanwa kifuani. Alikuwa amefika tangu saa sita. Mabenchi mawili nyuma, upande wa pili, Peres alikuwa amekaa na kikapu chake, miguu ameinyoosha kwa sababu haikukunjika.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa na karatasi ya Were mkononi. Baada ya dakika chache angesimama na kusoma kwa sauti yake kavu, siku kwa siku, saa kwa saa. Were akavua kofia, akaketi kando ya Annah.

"Umemleta?" Annah aliuliza.

"Msichana yuko hapo nje. Tunamwachilia, mama. Si yeye."

"Si yeye." Annah hakumtazama. Alikuwa akitazama kizimba kitupu. "Basi ni mwingine. Lakini ilikuwa Jumatatu. Ulinionyesha karatasi. Ilikuwa Jumatatu, sivyo?"

Were aliona angeweza kusema ndiyo. Dakika tano, mpaka karatasi isomwe. Angeweza hata kumwomba atoke nje akanywe maji, aisikie kwa mtu mwingine, na yeye abaki yule afande mwema wa saa moja asubuhi. Alijichukia kwa kuifikiria.

"Hapana, mama. Saa ile iliandikwa Jumatatu, lakini majina yalitoka Alhamisi asubuhi. Mpaka Jumanne nzima mzee alikuwa ndani. Namba saba."

Annah alifungua mkono wake juu ya mkoba. Akaanza kushika vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga safari. Jumatatu. Jumanne. Alipofika kidole cha tatu alikishika, na hakukiachilia.

Hakulia. Alikaa hivyo, amekibana kile kidole mpaka ncha ikabadilika rangi. "Nilisema wasiiache ilale," alisema mwishowe.

"Najua, mama."

"Haikulala?"

"Haikulala. Kuna mtu alisafishwa damu siku ile."

"Nani?"

Were akageuza kichwa kidogo. Annah akafuata macho yake mpaka benchi la tatu. Peres aliwaona wakimtazama. Hakujua wanamtazamia nini. Aliinamisha kichwa kwa heshima, kama wafanyavyo watu waliofiwa wakikutana, kwa sababu aliona kile kitambaa cheusi.

Annah alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akageuka mbele tena.

"Ijumaa wataniuliza," alisema. "Mama yake ataniuliza. Niwaambie ni nani?"

Hakimu akaingia, karani akaita kesi. Watu wote wakasimama, isipokuwa Annah na yule mwanamke wa miguu iliyofura.